Vazi la Taka: Picha ya Ndege au Ndege Mwenyewe?

Kila inapokaribia tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, klabu za mazingira mashuleni na vikundi vya vijana mitaani huanza kuokota chupa na vizibo. Siku hizo hawaokoti ili wapime kilo kwa mnunuzi wa plastiki. Wanaokota ili washone. Linatoka gauni la vizibo vya soda, sketi ya magazeti iliyokunjwa marinda, kofia ya mirija, koti la salfeti lenye nembo ya unga wa ngano mgongoni. Siku ikifika, msichana anapita mbele ya meza kuu kwa madaha, vizibo vinalia kwa kila hatua, mgeni rasmi anapiga makofi, simu zinainuliwa. Kisha gauni linavuliwa, na mara nyingi wiki haiishi kabla halijarudi shimoni, pamoja na taka ambazo hazikubahatika kushonwa.

Naandika haya nikiwa upande wa msichana yule. Ametoboa vizibo kwa msumari mmoja mmoja mpaka vidole vikauma, na kazi ya namna hiyo inastahili kuulizwa swali la maana: vazi lake limemwambia nani, neno gani?

Picha ya Ndege ni kata ya mji wa Kibaha, katika njia ya Morogoro, kilomita kama 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Jina lake linanisaidia kuliweka swali hilo vizuri. Picha ya ndege huweza kupendeza kuliko ndege mwenyewe, ila hairuki. Maonesho mengi ya mavazi ya taka ni picha ya namna hiyo: yana rangi, yana mbawa, na yanabaki ukutani. Nionavyo mimi, vazi la taka huruka likifanya moja kati ya mambo mawili: ama livalike kesho yake, mtu akiwa anakwenda kazini au sokoni, ama limtaje waziwazi aliyeizalisha taka na aliyepaswa kuizoa. Likikosa yote mawili, limetumia nguvu za vijana kupamba sherehe.

Taka huhamia kwa jirani

Ili kuona kwa nini jambo hili lina uzito Kibaha na katika wilaya jirani ya Kisarawe, tuanze na safari ya taka za Dar es Salaam. Miaka ya 1980 zilikuwa zikimwagwa Tabata, katikati ya makazi ya watu. Moshi na harufu vikawashinda wakazi. Kesi ya Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji ikafika Mahakama Kuu, na Jaji Lugakingira akakataa kuliongezea jiji muda wa kuendelea kumwaga pale, akiegemea haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Jiji likazipeleka taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, Festo Balegele akiwa mbele ya mamia ya wenzake, na katika kesi hiyo ya mwaka 1991 wakashinda. Baada ya hapo zikaja zamu za Vingunguti na Mtoni, na leo dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, mlangoni mwa Kisarawe, jirani na vilima vyenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi.

Ukiifuata njia hiyo kwenye ramani unaona taka zikisukumwa kutoka katikati kwenda pembezoni. Kila mtaa uliopata sauti uliziondoa kwake, nazo zikaenda kwa jirani ambaye bado hajapaza sauti. Kibaha na Kisarawe ndizo pembezo zenyewe. Mkoa wa Pwani umejengwa viwanda vingi katika miaka ya karibuni, viwanja vinapimwa, watu wanahamia, na kila nyumba mpya huja na taka zake. Mahali ambapo gari la taka halifiki, kaya huchimba shimo nyuma ya nyumba na kuchoma, au husubiri mvua kubwa ibebe mzigo hadi bondeni.

Kesi hizi mbili zinafundisha jambo ambalo waandaaji wa maonesho hulisahau. Watu wa Tabata na Mtongani hawakuhitaji kuelimishwa kwamba taka ni mbaya. Walikuwa wanaivuta kifuani kila usiku. Walichokosa ni mtu mwenye mamlaka wa kuwasikia, na walipompata, magari yaligeuzwa njia.

Elimu kwa nani?

Tunasema haraka kwamba lengo la mavazi haya ni kutoa elimu kwa jamii. Jamii ipi? Mama anayeuza vitumbua asubuhi kando ya barabara anajua plastiki haiozi, kwa kuwa anaifagia kila siku mbele ya jiko lake. Kijana anayeokota makopo anazijua aina za plastiki kwa kuzigusa tu, kuliko wengi wetu tuliosoma. Ukimvika binti gauni la chupa ili kuwafundisha watu hawa, umekwenda kumfundisha mvuvi habari za bahari.

Tazama yaliyotokea kwenye mifuko ya plastiki, ile tunayoiita rambo. Kwa miaka mingi ilizagaa kwenye michongoma na mitaro, na mabango ya kuhimiza usafi yalikuwapo muda wote huo. Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019, na wateja waliokuwa wakipewa mfuko kwa kila nyanya mbili wakaanza kubeba vikapu. Viroba vya pombe, vile vipakti vidogo vilivyotapakaa kwenye vituo vya daladala, navyo vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Katika mambo yote mawili, mkono uliogeuza hali ulikuwa wa sheria, na sheria ilikwenda kwa mtengenezaji na muuzaji kabla ya kumfikia mnunuzi.

Hata hivyo sheria peke yake nayo ina matundu. Vifungashio vyepesi visivyo na mshikio, vilivyokusudiwa kufungia bidhaa, viligeuzwa vibebeo sokoni. Na mifuko mbadala iliyoingia baada ya 2019, ile laini ambayo wengi huiita ya kitambaa, kwa sehemu kubwa imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki. Hapa ndipo vazi la taka lingekuwa na kazi halisi. Fikiria msichana anayepita jukwaani amevaa gauni la mifuko hiyo mbadala na kutangaza: hii mnayoiita kitambaa nayo ni plastiki. Ukumbi wote ungejifunza jambo jipya, mgeni rasmi akiwamo.

Gauni huchagua taka nzuri

Kuna udhaifu mwingine, na huu umejificha ndani ya ufundi wenyewe. Mbunifu anatafuta kitu kinachong'aa, kinachokunjika, chenye rangi na kisichonuka. Kwa hiyo anachukua vizibo, mirija, santuri za zamani, pakti za bisikuti. Lakini sehemu kubwa ya taka za kaya katika miji yetu ni mabaki ya chakula na mimea: maganda ya ndizi na mihogo, vichwa vya dagaa, majani ya maboga. Hizo hazishoneki. Wala hazishoneki pampasi zilizotumika, ambazo mtu yeyote aliyeshiriki kusafisha mtaro anajua zinavyolemea reki.

Matokeo yake ni kwamba jukwaa linatuonesha taka zilizo nyepesi kuoneshwa, na tunaondoka tukidhani tatizo ni chupa. Mabaki ya chakula yaliyorundikwa pamoja na plastiki ndiyo yanayonuka, ndiyo yanayoalika panya, na ndiyo yanayoichafua plastiki hata mnunuzi aikatae. Mtaa ambao kila kaya inaweka maganda kando, yakaenda kwenye mboji au kwa mfugaji, umepunguza mzigo wake kabla mtu hajagusa sindano.

Lipo pia suala la usalama, nalo halina mjadala. Mfuko uliobeba dawa ya mimea haufai kugusa ngozi ya mtoto hata ukifuliwa mara kumi. Vifaa vya hospitali havishonwi. Na plastiki haiyeyushwi kwa moto wa mshumaa ndani ya darasa ili kuunganisha mikono ya gauni, kwa sababu moshi wake ni uleule uliowapeleka watu wa Tabata mahakamani.

Waliovaa taka ili kushtaki

Nje ya mipaka yetu wako watu walioifikisha sanaa hii mbali zaidi. Dakar, Senegal, Modou Fall hutembea barabarani akiwa amefunikwa na mifuko ya plastiki kuanzia kichwani hadi miguuni, na watu humwita Mtu wa Plastiki. Umbo lake linafuata Kankurang, kinyago cha jando ambacho Wasenegali wanakijua na kukiogopa tangu utotoni. Hapo ndipo penye nguvu yake. Hakuazima jukwaa la Paris. Alichukua umbo ambalo jamii yake tayari imelipa mamlaka ya kukemea, akalivisha taka.

Kinshasa, wasanii wanaokusanyika katika tamasha la KinAct, lililoanza mwaka 2015 kwa juhudi za Eddy Ekete, hujivika nyaya za simu, makopo, kandambili na vipande vya magari, kisha huingia mitaani katikati ya foleni na makelele ya soko. Nyaya za simu mwilini mwa Mkongo zina maana ambayo haziwezi kuwa nayo mahali pengine: madini ya simu hizo yamechimbwa nchini mwake, na mabaki ya simu yamerudishwa kwake. Bendi ya Fulu Miziki ya jiji hilohilo, ambayo jina lake lina maana ya muziki wa takataka, hutengeneza ala na mavazi yake kutokana na vilivyotupwa.

Karibu zaidi nasi, mbunifu Bobby Kolade wa Kampala alianzisha chapa ya Buzigahill. Hununua mitumba kwenye masoko ya Kampala, huifumua, huishona upya kuwa mavazi ya fahari, halafu huyauza katika nchi zilezile zilikotoka nguo hizo. Mkusanyo wa mavazi hayo aliupa jina linalomaanisha kumrudishia mtumaji mzigo wake. Huo ni ujumbe wenye anwani.

Sisi nasi tumeishi na mzigo huo. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba sokoni ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vya nyumbani vipate nafasi. Marekani ikatishia kuzinyang'anya nchi hizo nafuu ya kuuza bidhaa zao kwake chini ya mpango wa AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu kwa upande wa mavazi. Belo linapofunguliwa kwenye masoko ya Karume au Manzese, Dar es Salaam, nguo za daraja la kwanza hugombewa alfajiri, na zile zilizochanika au kuchafuka hubaki mikononi mwa mchuuzi aliyenunua bila kuona ndani. Zaidi ya nusu ya nyuzi zinazotengenezwa duniani leo ni poliesta, nayo ni plastiki. Kwa hiyo tunapozungumzia vazi kutokana na taka, tusisahau kwamba vazi lenyewe lishakuwa taka inayosafiri kwa meli.

Mifano hii ya Dakar, Kinshasa na Kampala ina jambo moja linaloiunganisha: mvaaji anajua anamsemesha nani. Anasema na mwenye kiwanda, na serikali, na nchi iliyotuma. Aliyekaa kando ya mtaro anaangalia na kuona kwamba leo yupo anayemsemea.

Katambuga, mwalimu asiyepanda jukwaani

Sasa nigeukie upande wa pili, wa vazi linalovalika. Hapa hatuhitaji kusafiri. Tazama miguu ya mlinzi wa Kimasai kwenye duka lolote la njia ya Morogoro. Amevaa katambuga.

Fundi wa katambuga huanza na tairi lililokwisha. Mteja anasimama juu ya kipande chake, fundi anachora unyayo kwa chaki. Kisu anakichovya kwenye kopo la maji, kwa sababu mpira mkavu hukishika kisu na mpira uliolowa huachia. Anakata taratibu akifuata mstari. Mikanda anaikata kwenye mpira mwembamba, anaipitisha, anaipigilia vimisumari na kuvikunja ncha visimchome mvaaji. Mteja anaondoka na viatu vyake miguuni. Meno ya tairi yaliyokuwa yakishika lami sasa yanashika tope, na viatu hivyo vitadumu kuliko raba nyingi za dukani.

Hakuna aliyemwambia mteja yule kwamba anaokoa mazingira. Alitaka kiatu kisichochomwa na miiba. Lakini tairi lile lingebaki uani likikusanya maji ya mvua na kuzalisha mbu, au lingechomwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katambuga inajiuza. Gauni la vizibo, pamoja na uzuri wake, linahitaji kutembezwa, tena na mtu anayevumilia, kwa kuwa salfeti halipitishi jasho na vizibo vinakwaruza.

Ukoo huu wa vitu vinavyojiuza si mdogo. Arusha, karakana ya Shanga imekuwa ikiyeyusha chupa za kioo kuwa shanga na mapambo, ikiajiri watu wenye ulemavu. Lamu, mafundi wa majahazi wakiongozwa na Ali Skanda walijenga Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, lililotumia tani 10 za malighafi hiyo na kufunikwa kwa kandambili 30,000. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kilomita 500 hadi Zanzibar. Jahazi si vazi, ila somo lake linatufaa. Kwa kuwa lilielea na kubeba watu, kila bandari ilipolipokea iliamini kwamba plastiki ina kazi nyingine. Na watu wake hawakuishia kwenye maonesho, walidai sheria moja ya plastiki za matumizi ya mara moja kwa Afrika Mashariki nzima.

Lazima niseme pia ambacho katambuga haiwezi. Hata kila mkazi wa Pwani akivaa jozi mbili, matairi yatabaki. Mkoba wa pakti za krispi unaokoa pakti hamsini, na kiwanda kinatoa maelfu kabla mkoba haujafungwa zipu. Atakayesema ushonaji utamaliza taka anawadanganya vijana, na mbaya zaidi anampa mtengenezaji kisingizio cha kuendelea: zalisheni tu, watashona. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba mkono mmoja ushone na mkono mwingine unyooshe kidole.

Jukwaa la Kibaha na Kisarawe liweje

Kisarawe ina somo lake la namna ya kutumia umaarufu wa jukwaani. Jokate Mwegelo, ambaye Watanzania walimjua kwanza kwenye Miss Tanzania ya 2006 na baadaye kwa chapa yake ya Kidoti, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya hiyo mwaka 2018. Akaanzisha kampeni ya Tokomeza Ziro, dhidi ya daraja sifuri kwenye mitihani ya sekondari, na kuchangisha fedha za kujenga shule ya wasichana. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa kwamba ziro inahesabika. Matokeo yakitoka, kila mzazi anaona imepungua au imeongezeka. Onesho la mavazi ya taka nalo litafute ziro yake.

Katika Picha ya Ndege, kwa mfano, vijana wangeweza kuanza wiki tatu kabla ya onesho kwa kukusanya taka za mtaro mmoja na kuzipanga kwa majina yaliyoandikwa juu yake: kampuni hii chupa kadhaa, kampuni ile pakti kadhaa. Asasi ya Nipe Fagio ya Dar es Salaam imekuwa ikifanya hesabu za namna hiyo kwenye siku za usafi. Kisha mbunifu ashone bila kuficha nembo. Desturi sasa ni kugeuza pakti ndani nje ili ile fedha yake ing'ae. Mimi ningeomba jina libaki nje, kifuani, lisomeke kutoka meza kuu. Na kwenye meza hiyo waalikwe wenye majina yale, pamoja na ofisa wa halmashauri anayehusika na uzoaji, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeuweka wajibu wa taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa. Onesho likiisha, kila mmoja aulizwe hadharani swali lake: gari litapita siku gani, na chupa zenu mtazirudisha vipi? Majibu yaandikwe ubaoni kwenye ofisi ya kata, na onesho la mwaka ujao lianze kwa kuyasoma.

Kando ya jukwaa ziwepo meza za vitu vinavyovalika: katambuga, mikoba ya salfeti yenye bitana ya kitenge, aproni za mama lishe zilizoshonwa kwa mitumba iliyokosa mnunuzi, na fundi cherehani wa kutia viraka papo hapo. Kiraka ndicho vazi la kwanza la kuhifadhi mazingira tulilowahi kuwa nalo, na aibu tuliyoibandika juu yake ni hasara yetu. Vijana wauze, waweke daftari, na wajue gauni la jukwaani litafumuliwa lini na kila kipande chake kitakwenda kwa nani.

Hayo yakifanyika, msichana wetu wa vizibo hatakuwa pambo la sherehe. Atakuwa amesimama pale waliposimama Kessy na Balegele, mbele ya wenye uwezo wa kubadili, amevaa ushahidi wake mwilini. Na atakaposhuka jukwaani na kulivua gauni zito, atavaa kitu chepesi alichokishona mwenyewe, arudi nacho nyumbani, na kesho yake akivae tena kwenda shule.